Mhojiwa Asiye na Jina: Kijiji cha Kianda katika Hifadhi za Utafiti

Kianda ni kijiji kimojawapo cha Kibera, jijini Nairobi, upande wa magharibi, karibu na mitaa ya Olympic na Ayany. Ni mahali padogo. Mtu akitembea kwa haraka, na njia zikiwa hazina tope, hukivuka chote kabla jasho halijamtoka. Hata hivyo Kianda kina makao ya pili ambayo ni mapana kuliko haya ya kwanza, nayo ni hifadhi za utafiti za vyuo vikuu. Humo kimo ndani ya tasnifu za mipango ya miji na za afya ya jamii, ndani ya makala za semina zilizorudufiwa kwa wino unaofifia, ndani ya majedwali, ramani na ripoti, na siku hizi ndani ya faili za kompyuta ambazo msomaji wa Oslo au Osaka hufunguliwa kwa urahisi uleule anaofunguliwa msomaji wa Nairobi. Ni vijiji vichache katika Afrika ya Mashariki ambavyo vimeandikwa kiasi hiki kwa ajili ya kusomwa na watu wasiokaa ndani yake.

Makala haya hayakusudii kuzihesabu kazi hizo wala kuzipanga kwa ubora. Yanakusudia kuziangalia kama matini, yaani kama maandishi yenye msimulizi, wahusika, mtindo na hadhira. Kazi hii wahakiki wa fasihi wameiachia sayansi ya jamii kwa muda mrefu mno, kana kwamba maandishi yasiyo riwaya, tamthilia wala ushairi hayana umbo linalostahili kuhakikiwa. Aghalabu mhakiki wa Kiswahili huitembelea hifadhi ya chuo kutafuta tasnifu za wenzake tu. Rafu ya pili yake, ambako watu wa Kianda wamelazwa katika kurasa, huipita bila kugeuza shingo.

Ni vyema kuanza na tasnifu, kwa kuwa ndiyo aina inayofahamika zaidi. Tasnifu ya chuo kikuu ina malango ambayo msomaji sharti ayapite kabla ya kuingia nyumbani. Kwanza kuna ikirari, ambapo mtahiniwa anakula kiapo kwamba kazi ni yake na haijapata kutolewa kwingine. Inafuata tabaruku, ambamo wazazi, wake, waume na watoto hutajwa kwa mapenzi ambayo hayatajitokeza tena hadi ukurasa wa mwisho. Kisha huja shukrani, halafu ikisiri. Baada ya hapo sauti hubadilika ghafla. Yule aliyekuwa mwana wa mtu na mume wa mtu sasa anakuwa “mtafiti”, nafsi ya tatu, na wale aliowashukuru kwa majina wanakuwa “sampuli”. Mabadiliko haya ya sauti yangetokea katika riwaya, wahakiki wangeyaandikia sura nzima.

Baada ya tasnifu kuna makala za majadiliano, na hizi zina historia yake. Taasisi ya Taaluma za Maendeleo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1965 chuo kingali Chuo Kikuu Kishiriki, ilizitoa kwa wingi katika miaka ya 1960 na 1970. Zilipigwa chapa kwa taipureta, zikarudufiwa, zikabanwa kwa pini, na zikawa na tamko kwamba maoni yaliyomo ni ya mwandishi na si ya taasisi wala ya chuo. Mtindo wake ni wa mtu anayefikiri huku akiandika. Kuna dhana zilizoachwa nusu, masahihisho ya kalamu ukingoni, na takwimu ambazo mwandishi mwenyewe anazitilia shaka. Jambo la kutia moyo ni kwamba nyingi kati ya hizo zimenusurika kwa njia ya kidijitali, ingawa hifadhi mojawapo inayozitunza iko Sussex, Uingereza, si Nairobi. Wanazuoni wa Makerere nao walikuwa na utamaduni kama huo tangu taasisi yao ya utafiti wa jamii ilipoasisiwa mwaka 1948. Makala za makongamano yao zilisafiri kutoka Kampala hadi Dar es Salaam na Nairobi kabla hazijawa vitabu, na nyingine hazikuwa vitabu kabisa.

Mtu asidhani kwamba karatasi kama hizo hazina nguvu. Ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliokuja Kenya chini ya Hans Singer na Richard Jolly ulifaidi mijadala iliyokuwa ikiendelea miongoni mwa watafiti waliokuwa Nairobi. Ripoti yake ya mwaka 1972 ndiyo iliyoeneza duniani dhana ya sekta isiyo rasmi. Fundi wa mabati wa Nairobi, ambaye hadi wakati huo maandishi ya serikali yalimwona kama kero ya barabarani, akawa sehemu ya uchumi. Fundi mwenyewe hakungoja ripoti apate jina, maana yeye na wenzake walijiita jua kali, na jina hilo likawa na nguvu hata serikali ikalitumia. Kwa hiyo kuna majina mawili ya jambo moja. Moja lilitoka katika karatasi za wataalamu, na la pili lilitoka mgongoni mwa mtu anayechomwa na jua. Hifadhi imelitunza kwa uangalifu mkubwa lile la kwanza.

Turudi Kianda, kwa sababu kijiji hiki kina kisa cha pekee katika historia ya takwimu. Kwa miaka mingi ilisemwa, katika magazeti, katika hotuba na hata katika maandishi ya kitaaluma, kwamba Kibera ina watu milioni moja. Idadi hiyo ilirithiwa kutoka andiko hadi andiko kama hadithi ya paukwa pakawa, na kila mpokeaji alimtaja aliyemtangulia. Mnamo mwaka 2008 mwanasosholojia Mwitalia, Stefano Marras, alianzisha mradi wa kuihesabu na kuichora Kibera, na kijiji kilichohesabiwa nyumba kwa nyumba kilikuwa Kianda. Watu zaidi ya 15,000 waliorodheshwa. Kutokana na Kianda, idadi ya Kibera nzima ilikadiriwa kuwa kati ya 235,000 na 270,000. Sensa ya taifa ya mwaka 2009 ilipata watu 170,070. Miaka miwili baadaye Amélie Desgroppes na Sophie Taupin, katika jarida la taasisi ya utafiti ya Wafaransa iliyoko Nairobi, waliandika makala ambayo kichwa chake kinauliza iwapo Kibera kweli ndiyo mtaa wa mabanda mkubwa kuliko yote Afrika. Makadirio yao yalikuwa takriban watu 200,000.

Wataalamu wa takwimu wataendelea kubishana juu ya tarakimu hizo, na ubishi wao una haki. Sensa ya serikali ina mipaka yake, na mipaka ya Kibera yenyewe huchorwa kwa namna tofauti kulingana na anayeichora. Kwa mhakiki wa fasihi, linalovutia ni tamathali iliyotumika. Kianda kilisimama badala ya Kibera yote. Wahakiki huiita tamathali hiyo sinekidoki, ambapo kiungo kimoja hutajwa kwa niaba ya mwili mzima, na kwa kawaida huitafuta katika mashairi. Hapa imefanya kazi nzito kuliko ile inayofanya katika mashairi mengi, kwa maana vyumba vya Kianda, pamoja na waliokaa humo, vilitumika kupunguza milioni moja. Kupungua huko si jambo dogo. Misaada iliombwa kwa jina la ile milioni. Mashirika yaliwasili kwa sababu yake, na wanasiasa walitembea nayo mfukoni. Inasemekana kwamba idadi haina hisia, lakini hii ilikuwa na wapenzi wengi na haikuwa rahisi kuizika.

Mwaka 2009 mradi mwingine ulizinduliwa na Mikel Maron na Erica Hagen, nao pia uliitwa kwa jina la ramani ya Kibera, jambo ambalo limewachanganya waandalizi wa katalogi tangu siku hiyo. Katika mradi huu vijana 13 wa Kibera walifundishwa kutumia vifaa vya kupimia mahali kwa setilaiti wakachora njia, vioski, vituo vya maji, shule na makanisa ya mtaa wao kwenye ramani huria ya dunia. Kabla ya hapo sehemu hiyo ilikuwa nafasi tupu katika ramani nyingi. Ramani hizo sasa zimekuwa mapambo na ushahidi katika tasnifu kadha wa kadha. Zimekuwa pia kumbukumbu. Nyumba zilipobomolewa mwezi Julai mwaka 2018 kupisha barabara inayokatiza Kibera kuelekea Lang'ata, vijiji kama Mashimoni na Lindi vilipoteza sehemu ambazo leo zinapatikana tu katika michoro na majedwali ya watafiti waliotangulia. Hapo hifadhi ya chuo inakuwa makaburi yenye anwani.

Sehemu ya tasnifu inayostahili kukaliwa kitako, hata hivyo, ni ile ambayo wasomaji wengi huiruka, yaani viambatisho. Tasnifu kuhusu Kibera, iwe ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ya Kenyatta au ya chuo cha ng'ambo, kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza tangu ikirari hadi marejeleo. Kisha, nyuma kabisa, baada ya barua ya idhini na bajeti ya utafiti, mara nyingi hujitokeza kurasa mbili au tatu za Kiswahili. Hizo ni fomu ya ridhaa na hojaji, zilizotafsiriwa kwa sababu kamati ya maadili ilitaka mhojiwa aelezwe kwa lugha anayoielewa. Huo ndio ukurasa pekee wa tasnifu nzima ambao mwenyeji wa Kianda angeweza kuusoma bila mkalimani. Na huo ndio ukurasa unaoandikwa kwa haraka kuliko yote.

Kiswahili cha viambatisho ni utanzu wenye kanuni zake, japo hakuna aliyezitunga. Hupenda sana kauli ya kutendwa. Humwita mtu “mhusika” au “mshiriki”, humwahidi kwamba habari zake zitawekwa siri, humwambia yuko huru kujitoa wakati wowote, kisha humwuliza nani ndiye mkuu wa kaya. Hapo penye kaya pana shida ambayo msomi wa Dar es Salaam huenda asiione. Katika Kiswahili cha vitabu vya takwimu, hasa cha Tanzania, kaya ni watu wanaokaa pamoja na kula chungu kimoja. Kwa Mkenya wa kawaida, kaya ni ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda huko pwani. Mama wa Kianda akiulizwa mkuu wa kaya ni nani, ana haki ya kushangaa iwapo ameulizwa juu ya wazee wa Kilifi. Msaidizi wa utafiti anayeshika hojaji hulijua hilo, kwa hiyo halisomi swali kama lilivyoandikwa. Huliuliza upya kwa lugha ya njiani: mwenye hii nyumba ni nani, na nani analipa.

Basi lugha zimekuwa tatu. Ipo ile iliyoandikwa katika hojaji, ipo ile iliyosemwa mlangoni pa chumba, na ipo ile iliyoandikwa katika sura ya nne ya tasnifu. Ya kwanza na ya tatu zimehifadhiwa. Ya pili, ambayo ndiyo iliyozaa maarifa yote, haimo. Haikuwa Kiswahili sanifu wala haikuwa Sheng moja kwa moja. Ilikuwa mchanganyiko wa Kiswahili cha Nairobi, Dholuo, Kiluhya, Kikamba, Kinubi na lugha nyinginezo kwa kadiri ya aliyesimama mlangoni na aliyekaa ndani. Mhojiwa aliposema jambo kwa methali au kwa mzaha, mzaha huo ulipita katika kalamu ya msaidizi ukatoka umekuwa “ndiyo”, kisha ukapita katika kompyuta ukatoka umekuwa namba moja.

Si kweli kwamba kila kilichopotea njiani kilipotea kwa udhaifu wa Kiswahili. Kuna mahali ambapo Kiswahili kilikuwa sahihi na Kiingereza kikakosea. Ardhi ya Kibera, baada ya askari wa Kisudani wa jeshi la mfalme wa Uingereza na vizazi vyao kukaa humo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na baada ya kutangazwa eneo la jeshi mwaka 1918 likiwa na ukubwa wa ekari 4,197, ilihesabiwa na serikali kuwa mali yake. Wanubi walipata hati ya ekari 288 mwaka 2017 tu. Kwa sababu hiyo, mtu anayekodisha vyumba Kianda kwa kawaida anamiliki kuta za udongo na paa la mabati, wala hamiliki ardhi iliyo chini yake. Neno la Kiingereza la mkodishaji limebeba ardhi tumboni mwake, na watafiti wamelazimika kubuni istilahi ndefu ili kuitoa. Kiswahili cha mtaani kilikwisha kulimaliza jambo hilo kwa maneno mawili, mwenye nyumba. Ni mwenye nyumba, basi. Ukienda Kawangware, ambako sehemu kubwa ya ardhi ina hati za watu binafsi tangu zamani, utasikia habari za mwenye ploti, na kweli ploti ni yake. Tofauti hiyo ya maneno mawili ina sheria ya ardhi ya nusu karne ndani yake. Mwaka 1984 Philip Amis alichapisha makala mashuhuri iliyouliza kama wakazi wa makazi yasiyo rasmi ya Nairobi ni maskwota au ni wapangaji, akaonyesha jinsi ujenzi wa vyumba hivyo ulivyokuwa biashara. Mpangaji wa Kianda anayemsubiri mwenye nyumba tarehe tano ya mwezi hakuwa na haja ya kuambiwa jibu.

Kuna jambo la majina, nalo ndilo zito zaidi. Katika utafiti wa fasihi simulizi, jina la fanani ni sehemu ya kazi. Mwanafunzi anayekusanya ngano hufundishwa kuandika nani aliyesimulia, wapi, lini, mbele ya hadhira gani, na asipofanya hivyo kazi yake huhesabiwa pungufu. Katika utafiti wa jamii na wa afya, kanuni ni kinyume. Jina hufutwa, na mahali pake huwekwa namba. Sasa achukuliwe mama mmoja wa Kianda, awe wa kubuni, aliyehamia Nairobi akiwa msichana. Mwanafunzi wa fasihi akija kwake Jumamosi, naye akamsimulia kisa cha sungura na fisi, jina lake litaingia katika hifadhi pamoja na umri wake na kijiji alikozaliwa. Mwanafunzi wa uchumi akija Jumatatu, naye akamsimulia jinsi alivyohama mara nne kwa kupandishiwa kodi, atakuwa Mhojiwa wa 14. Kisa cha fisi, ambacho hakukitunga yeye, kitabaki chake. Maisha yake mwenyewe yatabaki ya mtafiti.

Haifai kuilaumu kanuni hiyo kwa pupa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini kwa mujibu wa Tume ya Waki, Kibera ilikuwa mahali ambapo jina la mtu lilitosha kumweka hatarini, maana jina lilitangaza kabila. Wafanyakazi wa hojaji walioingia humo katika miezi iliyofuata walikuwa na sababu nzuri ya kuacha nafasi ya jina ikiwa tupu. Vilevile mgonjwa anayeeleza hali yake kwa watafiti wa afya anastahili pazia, na wale waliokuwa wakifuatilia magonjwa ya kuambukiza katika vijiji jirani vya Gatwekera na Soweto wasingeaminiwa bila hilo. Tatizo ni kwamba pazia moja limetumika kwa kila dirisha. Aliyeomba kufichwa na aliyetaka kusikika wamefunikwa kwa shuka moja. Zaidi ya hayo, kamati za maadili mara nyingi hutaka kanda za mahojiano zifutwe baada ya muda maalumu, na kwa hiyo sauti, ambayo kwa mhakiki wa fasihi simulizi ndiyo matini yenyewe, huangamizwa kwa amri ya uadilifu.

Wasaidizi wa utafiti wako katikati, nao hupata jina, lakini katika shukrani tu. Ni vijana wa Kianda, wa Soweto, wa Olympic, walioajiriwa kwa wiki chache kwa sababu wanajua njia na mbwa wa kila njia. Wao ndio waliotafsiri swali, wakaamua kama jibu ni kweli au ni adabu, wakajua kwamba mama fulani husema ana watoto watatu kwa kuwa wa nne amekwenda kwa bibi yake. Hukumu zote hizo ni za kihakiki. Wasomaji wa ushairi wa Kiswahili wanaifahamu hali hii tangu karne ya 19. Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa ndiye aliyemkusanyia mmisionari W. E. Taylor mashairi ya Muyaka na kumpa maelezo yake. Karatasi za Taylor zikaenda London, ziko katika hifadhi ya SOAS, na mwaka 1940 William Hichens akatoa diwani ya Muyaka kutokana nazo. Leo hakuna msomi makini anayemzungumzia Muyaka bila ya kumtaja Mwalimu Sikujua. Imechukua muda, lakini imewezekana kwa sababu jina lake lilisalimika katika karatasi. Wasaidizi wa Kianda wamesalimika katika ukurasa ambao kwa desturi haufanyiwi faharasa.

Katika rundo lote hilo kuna kazi chache ambazo zimekisikiliza Kibera kinavyosema. Bernd Heine alichapisha Berlin mwaka 1982 maelezo ya sarufi na msamiati wa Kinubi cha Kibera, lugha ya krioli iliyotokana na Kiarabu. Ni kitabu cha isimu kisicho na nia yoyote ya kufurahisha, na bado ukikisoma kwa jicho la fasihi ni miongoni mwa maandishi yenye watu wengi zaidi kuhusu mahali hapo, kwani maneno ya jikoni, ya ndoa, ya jeshi na ya msitu yamepangwa humo kama walivyoyatamka wenyewe. Jina lenyewe la Kibera linatokana na neno la Kinubi, Kibra, lenye maana ya msitu. Timothy Parsons aliandika mwaka 1997 historia ya urithi wa kijeshi wa Wanubi hao, na katika kichwa cha makala yake aliiita Kibra damu, kwa maneno ya wenyeji. Johan de Smedt alipoandika mwaka 2009 juu ya historia ya pombe ya Wanubi, alitumia kichwa ambacho wasomaji wa riwaya walikizoea tangu Meja Mwangi alipokitumia mwaka 1973. Hapo sayansi ya jamii na fasihi zilikutana kwenye glasi, na hakuna upande uliodhurika. Watafiti wa Sheng nao, kuanzia Alamin Mazrui na Mohamed Abdulaziz katika miaka ya 1990 hadi Chege Githiora aliyetoa kitabu kizima mwaka 2018, wamehifadhi sentensi zilizosemwa na vijana wa Nairobi jinsi zilivyosemwa. Yeyote atakayetaka kujua watu wa mitaa hiyo walizungumzaje mwishoni mwa karne ya 20, atawategemea hao kuliko atakavyotegemea majedwali yote ya mapato na matumizi.

Idara za Kiswahili hazina la kujivunia sana katika mashtaka haya. Ni kweli kwamba zimeshinda vita vya kuandika tasnifu kwa Kiswahili, na ushindi huo ni wa thamani. Katika hifadhi ya kidijitali ya Chuo Kikuu cha Nairobi mtu hukuta tasnifu za Kiswahili zenye ikirari, tabaruku na ikisiri zilizoandikwa kwa lugha safi. Lakini mada zake nyingi ni riwaya na tamthilia zilizochapishwa, na kwa kuwa kuna vitabu vinavyotahiniwa shuleni, vitabu vilevile hurudi na kurudi. Kiswahili kinachunguza vitabu, Kiingereza kinachunguza watu. Mwanafunzi wa Kiswahili anayekaa Kianda, akisafiri kila asubuhi kwa matatu au kwa miguu kwenda chuoni, anaweza kumaliza shahada ya uzamili pasipo kuombwa hata mara moja aandike sentensi iliyosemwa na jirani yake.

Isisahaulike pia kwamba hifadhi ina tabia ya kutunza visivyotarajiwa. Tasnifu ya uzamivu ya Euphrase Kezilahabi, aliyoiwasilisha Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1985, haikuchapishwa kuwa kitabu, na hata hivyo imetajwa na vizazi vya wahakiki wa Kiswahili kuliko vitabu vingi vilivyochapishwa. Iliishi kwa filamu ndogo na kwa nakala za mashine, mkono kwa mkono. Katalogi ya hati za Kiswahili na Kiarabu na kanda zilizokusanywa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo J. W. T. Allen aliitoa mwaka 1970, iliorodhesha pamoja tenzi, barua na sauti bila ya kuzibagua, na mtafiti anayeitumia leo hushukuru kwamba mtu fulani hakuona haya kutunza kanda. Kwa mfano huo hakuna sababu ya kiufundi inayozuia hojaji za Kianda, kwa lugha zilizoulizwa na kujibiwa, kuwekwa kando ya tasnifu yake, majina yakifichwa kwa anayetaka na yakiachwa kwa anayetaka. Nafasi katika kompyuta ni rahisi kuliko rafu.

Kwa sasa anayetafuta jina la Kianda katika hifadhi hizo hupata matokeo mengi, na mengi kati yake hukitaja kijiji mara moja, katika orodha ya vijiji vya Kibera, kisha huendelea na safari. Machache hukaa. Katika hayo machache, mfumo wa utafutaji huonyesha kwanza kichwa, mwandishi, mwaka na ikisiri, vyote kwa Kiingereza, pamoja na maneno muhimu yanayohusu umaskini, usafi na makazi. Kiambatisho cha Kiswahili hakionekani katika maelezo hayo. Sharti mtu afungue faili yenyewe, ashuke hadi mwisho, apite marejeleo, apite ratiba ya kazi na makisio ya fedha, ndipo akutane na salamu. Jina langu ni fulani, fomu inaanza, mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu, ninafanya utafiti kuhusu kijiji chenu, naomba dakika chache za muda wako. Chini yake pana mstari mtupu wa sahihi ya mhojiwa, na pembeni yake nafasi ya dole gumba.